Mbwa waruhusiwe ufuoni, lakini si mchana na si bila chanjo

Kila ifikapo Krismasi, Pasaka na Idi, fuo za umma mjini Mombasa hufurika watu. Pale Jomo Kenyatta huko Bamburi, mahali ambapo wengi wetu tumezoea kupaita Pirates, huwa hapana pa kutia mguu. Utaona watoto na tyubu zao za magari, akina mama na vikapu vya mahamri, wauza madafu, wapiga picha, ngamia wa kukodisha, na vijana kutoka bara wanaoonja maji ya chumvi kwa mara ya kwanza. Katikati ya umati huo hupita mbwa. Wengine wameshikwa kamba na wenyewe, na wengine ni mbwa koko wanaofuata harufu ya samaki na mabaki ya viazi karai. Hapo ndipo mabishano huanza.

Wako wanaotaka mbwa wapigwe marufuku kabisa katika fuo za umma, na wako wanaojibu kwamba ufuo ni wa kila mtu na kwamba mbwa wao ni msafi kuliko baadhi ya watu wanaoogelea pale. Ukurasa huu ni wa afya, kwa hivyo mapenzi na chuki nitayaweka kando niulize swali moja tu: mbwa akipita ufuoni, ni kitu gani hasa anachoweza kumwachia binadamu? Tukilijibu swali hilo kinagaubaga, tutajua ni mbwa yupi wa kuzuiwa, azuiwe wapi na saa ngapi.

Tuanze na dogo linalowapata wengi. Mbwa wengi, hasa wasiopewa dawa, wana minyoo ya safura tumboni. Minyoo hiyo ni jamaa ya ile inayompata binadamu, ingawa si ile ile. Mbwa anapojisaidia mchangani, mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Mchanga ukiwa na joto, unyevu na kivuli, mayai huanguliwa, na baada ya muda wa kama wiki moja vijinyoo visivyoonekana kwa macho huwa tayari kupenya ngozi. Vinamngoja mbwa mwingine, lakini havina njia ya kuchagua. Mguu wa mtoto ukikanyaga hapo, au mtu akijilaza bila kutandika kitu, huingia.

Vikishaingia katika mwili wa binadamu hupotea njia. Katika mbwa vingefika kwenye damu na hatimaye utumboni. Kwetu sisi hukwama katika tabaka la juu la ngozi, vikawa vinatambaa huku na huko kwa wiki kadhaa mpaka vife. Mtu huona mstari mwekundu uliovimba, umepindapinda kama mto kwenye ramani, na kila siku unasogea kidogo. Mwasho wake humnyima mtu usingizi, na akijikuna kwa kucha chafu huongeza vidonda juu ya mwasho. Madaktari wa Ulaya wanaufahamu vizuri ugonjwa huu kwa kuwa watalii wengi hurudi nao kutoka fuo za nchi za joto. Sisi wenyeji mara nyingi huuita upele tu, tukapaka mafuta na kungoja.

Si ugonjwa wa kuua. Daktari akiuona mstari huo anaweza kuutambua mara moja, na dawa kama albendazoli au ivamektini huumaliza. Usijaribu kumchimbua mdudu kwa pini, maana huwa ameshatangulia mbele ya mstari unaouona, na utakalopata ni kidonda tu.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba ufuo mzima hauko sawa. Mchanga unaofunikwa na maji kila bahari inapojaa huoshwa mara mbili kwa siku, na vijinyoo havipati muda wa kukaa hapo. Hatari iko juu ya mstari wa mwani, kule ambako mchanga ni mkavu juu na una unyevu chini yake, penye kivuli cha mivinje na minazi. Kwa bahati mbaya, palepale ndipo wazazi wanapotandika leso ili watoto wacheze bila kuchomwa na jua.

Na hapa niseme neno ambalo halitawafurahisha wapenzi wa paka. Paka pia hubeba minyoo ya aina hii, na paka ana tabia ya kufukia kinyesi chake mchangani, jambo ambalo kwa minyoo ni sawa na kuandaliwa kitanda. Sijasikia mtu yeyote wa Pwani akitaka paka wafukuzwe ufuoni. Hali kadhalika sijasikia mtu akimfuata mwenye ngamia na koleo. Tukitaka kuwa wa haki tukubali pia kwamba maji machafu ya nyumba nyingi za mji huu huishia baharini bila kusafishwa, na anayeharisha baada ya kuogelea asikimbilie kumlaumu mbwa.

Kuna mnyoo mwingine wa mbwa, ule mviringo, ambao mayai yake yakimezwa na mtoto anayekula mchanga huweza kuzaa vijinyoo vinavyosafiri mwilini hadi kwenye ini, mapafu na, mara chache, jichoni. Mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Hata hivyo mayai ya mnyoo huyu yanapotoka hayawezi kumdhuru mtu siku hiyo hiyo. Huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini ili yakomae. Yale ya safura nayo, kama nilivyoeleza, huhitaji siku kadhaa. Maana yake ni kwamba mwenye mbwa akiokota kinyesi palepale, habari ya minyoo imekwisha hapo. Kinyesi kinachotutia mashakani ni kile kilicholala wiki nzima chini ya mvinje bila mwenyewe.

Lakini aokote kwa kitu gani? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kuanzia Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vikakatazwa fuoni. Wazungu huko kwao hutembea na vifuko vya plastiki mfukoni. Sisi itabidi tutumie kijikoleo na karatasi. Gazeti likishasomwa linafaa sana kwa kazi hiyo, na mhariri hatakasirika.

Sasa niingie katika jambo kubwa, nalo ni kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Hapa Kenya ugonjwa huu uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na haujaondoka tangu siku hiyo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na takriban wote hao huumwa na mbwa. Nchini mwetu wakuu wa afya wamekuwa wakikadiria vifo hadi 2,000 kwa mwaka. Miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, yapata asilimia 40 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Sababu yake haihitaji uchunguzi mkubwa. Mtoto humkimbilia mbwa, humvuta mkia, humnyang'anya mfupa, na kimo chake ni kifupi kiasi kwamba meno humfikia usoni na shingoni.

Jeraha la usoni ni baya zaidi kwa sababu virusi husafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na kutoka usoni safari ni fupi. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Kwanza ni homa na mwasho mahali palipoumwa. Kisha mgonjwa huanza kuhangaika, koo hukaza kila anapojaribu kunywa, na hatimaye hata kuletewa kikombe cha maji humfanya ashtuke na kutetemeka. Dalili hizo zikishaanza, hakuna hospitali ya Nairobi wala ya London itakayomwokoa. Walionusurika katika historia yote ya tiba ni wachache mno.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu unaoua kwa hakika namna hiyo unazuilika kwa hakika namna hiyo hiyo. Chanjo yake ina zaidi ya karne moja. Louis Pasteur, yule mtaalamu wa Ufaransa, alimtibu mtoto Joseph Meister kwa chanjo hiyo mnamo Julai 1885 baada ya mtoto huyo kuumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Leo, mtu akiumwa, la kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaozifunika virusi hizo, na ndiyo sababu maji ya bahari peke yake hayatoshi, hata kama babu zetu walioshea humo kila kidonda. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya kusagwa havina kazi hapo. La pili ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo ili uanze chanjo, ambayo hudungwa kwa siku zilizopangwa na haifai kukatizwa. Kama jeraha ni la kina, daktari huongeza dawa ya kingamwili inayodungwa pale palipoumwa.

Hapo ndipo penye uchungu. Mzazi wa Kisauni au Likoni ambaye mtoto wake ameumwa Jumapili jioni huenda akazunguka kutoka zahanati hadi hospitali akiambiwa chanjo imekwisha, ajaribu kwingine, au anunue katika duka la dawa. Bei ya sindano moja yaweza kuwa mshahara wa siku kadhaa kwa kibarua, na sindano si moja. Wako wanaonunua ya kwanza, wakaona jeraha limekauka, wakaacha. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwa nini hakumalizia, atakwambia kuwa mbwa mwenyewe alionekana mzima. Huenda alisema kweli. Mbwa aliyeuma akiendelea kuwa mzima kwa siku 10, hakuwa akitoa virusi siku ile alipouma. Lakini hesabu hiyo inawezekana tu ikiwa mbwa anajulikana, ana mwenyewe, na anaweza kufungwa na kutazamwa kwa siku hizo 10 huku mtoto akiendelea kupata sindano zake. Mbwa koko wa ufuoni aliyeuma na kutokomea kwenye vichaka hana wa kumtazama.

Kwa sababu hiyo mimi siungi mkono bango la kusema "Mbwa hawaruhusiwi" basi. Bango hilo litasomwa na nani? Litasomwa na yule mwenye mbwa aliyechanjwa, mwenye cheti, anayemshika kwa kamba. Huyo atatii na kurudi nyumbani. Mbwa koko, ambaye ndiye mwenye minyoo na ndiye asiyechanjwa, hajui kusoma. Tutakuwa tumemfukuza mbwa mwenye hatari ndogo na kumwachia ufuo yule mwenye hatari kubwa.

Kuna wanaosema dawa ya mbwa koko ni sumu au risasi. Njia hiyo imetumiwa katika miji yetu tangu enzi za mabaraza, na bado mbwa wapo. Sababu ni kwamba mbwa hufuata chakula. Ukiua 50 na takataka zikabaki nyuma ya vibanda na mikahawa, nafasi yao itachukuliwa na wengine kutoka mtaa wa pili, na hao wapya hawajachanjwa. Pia sumu haiulizi cheti, na waliochanjwa hufa pamoja na wengine.

Kisiwa cha Bali huko Indonesia, ambacho huishi kwa utalii wa fuo kama sisi, hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 2008. Ugonjwa ulipoingia, wakuu waliua mbwa kwa maelfu, lakini ukaenea karibu kisiwa kizima na kuua watu zaidi ya 100. Ni baada ya kuanza kuchanja mbwa wa kisiwa chote mwaka 2010 ndipo visa vilipopungua sana. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Pemba, ng'ambo ya maji tu, walianza kampeni ya kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekoma. Chanjo zilipolegea ugonjwa ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukakoma mara ya pili. Wataalamu husema inatosha kuchanja asilimia 70 ya mbwa mahali fulani ili ugonjwa ukose pa kupita. Serikali yetu inalijua hilo, kwani mwaka 2014 ilizindua mpango wa kuangamiza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, ukaanzia kaunti kama Makueni na Siaya. Mwaka 2030 hauko mbali.

Najua yuko msomaji anayeona kuwa nimeliruka jambo moja kubwa. Kwa Waislamu wengi wa Pwani, ambao hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa nayo hana budi kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mtu wa namna hiyo anapokuwa ufuoni na wanawe, na mbwa aliyelowa maji akaja kujikung'uta karibu naye, si haki kumwambia kwamba mbwa hana neno, ni rafiki tu. Wala huhitaji kuwa Mwislamu. Yuko mtoto aliyewahi kuumwa ambaye akimwona mbwa hata wa kufungwa hutetemeka. Watu hawa wana haki ya ufuo sawasawa na mwenye mbwa, na tena ufuo wenyewe si mwingi. Njia za umma za kufikia bahari zimezibwa na kuta za majumba na hoteli sehemu nyingi, hata vipande vilivyobaki vimekuwa finyu. Mahali finyu namna hiyo huwezi kumwambia mtu asogee pembeni.

Kwa hiyo naona mbwa waruhusiwe kwa saa. Tangu alfajiri hadi saa mbili asubuhi ufuo huwa na wakimbiaji, wavuvi na wachache wanaofanya mazoezi. Saa hizo mbwa aliye na cheti cha chanjo cha mwaka huo, aliyefungwa kamba, ambaye mwenyewe ana karatasi na kijikoleo mkononi, apite salama. Baada ya saa mbili arudi nyumbani. Siku za sikukuu asije kabisa, na mahali watoto wanapochezea chini ya miti asikanyage saa yoyote. Uingereza wanafanya jambo la namna hiyo kwa miezi: fuo nyingi huwazuia mbwa kuanzia Mei hadi Septemba, msimu wa waogeleaji, kisha huwaruhusu wakati wa baridi. Sisi jua letu halina msimu, ndiyo maana nasema saa. Mwenye kumwachilia mbwa akakimbia ovyo atozwe faini, hata kama mbwa ni wa fahari kiasi gani.

Mbwa wa ulinzi wa mahoteli nao wasisahauliwe. Hao hushinda kwenye mpaka wa ufuo, na mlinzi anapochoka kamba hulegea. Wenye hoteli waonyeshe vyeti vyao kama mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wa mbwa koko, wachanjwe mahali walipo, wahasiwe kadiri fedha zinavyoruhusu, na taka za vibanda zizolewe kila jioni. Vijana wa ufuoni wanawajua mbwa hao mmoja mmoja, hata majina wamewapa. Daktari wa mifugo akienda nao anaweza kuchanja wengi kwa siku mbili. Asiambiwe mtu kwamba kazi hii haina mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Orodha ya Nne, inazipa kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa, na orodha hiyo hiyo inazipa kaunti usimamizi wa fuo. Mbwa na mchanga viko mikononi mwa ofisi moja.

Na bango liwekwe, lakini liwe na habari za maana. Liandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, lisimame kwenye lango la ufuo ambapo mwenye mtoto analiona akiingia. Litaje saa za mbwa na faini. Litaje nambari ya simu ya daktari wa mifugo wa kaunti. Chini yake liandikwe jina la hospitali ya umma iliyo karibu ambayo siku hiyo ina chanjo ya kichaa cha mbwa, na mfanyakazi wa kaunti alibadilishe jina hilo kila chanjo inapokwisha hapo na kupatikana kwingine. Karibu na bango pawe na mfereji wa maji na kipande cha sabuni.